Mlango Sikuufunga

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Hamjambo huko? Baba je, bado hajatamka neno tangu apooze? Mimi mzima wa mwili. Kazi nimeacha tena. Sasa niko chumba cha kufulia cha hoteli, mashuka kutwa. Usinigombeze, pahali pamoja pananichosha.

Mashine zina kelele, hivyo navaa visikilizio. Juzi nikitafuta muziki mtandaoni nikaangukia bibi mmoja anaghani mashairi kwa sauti ya kukwaruza. Mimi huyu huyu niliyekuwa natoroka kipindi cha ushairi, wiki nzima sisikilizi kingine. Nimekutumia kwenye simu. Wewe ndiye mwalimu, niambie kwa nini siwezi kumzima.

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Tunaendelea. Baba anakula, anatazama dirisha, hasemi. Anaelewa kila kitu, na hilo ndilo linalomuudhi.

Bibi yako nimempeleka darasani. Nilizoea kuandika vina ubaoni huku wanafunzi wakipiga miayo. Safari hii niliwafungisha vitabu, nikawasha simu, nikawaambia wasikilize pale anapovuta pumzi. Mtundu mmoja wa nyuma akaanza kumwiga, wenzake wakacheka, halafu wakamfuata. Sasa wanaghani hadi kwenye foleni ya chakula. Mkuu wa shule ameniita, akasema mtihani hauulizi sauti, nimalize mada. Sijaacha.

Humzimi kwa sababu unasikia nyumbani. Baba alighani hivyo hivyo akinyoa ndevu. Utakuja lini?

Dada yako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Umenyamaza. Naomba iwe ni kazi tu, si ugonjwa.

Jana nilikuwa natayarisha somo kando ya kitanda cha baba. Bibi wa kwenye simu alipofika kwenye “Mlango sikuufunga,” nikamsimamisha ili niandike. Nyuma yangu ikatoka sauti: “nani ameukomea.” Kwa mahadhi yake kamili. Nikageuka, ni baba. Nikamwonyesha maji ayataje, akashindwa. Daktari anasema kichwani kughani kuna njia yake, na kusema njia yake.

Sasa kila asubuhi namfundisha kama wanafunzi wangu, ubeti kwa ubeti. Njoo umsikie.

Dada yako

9 Mei

Dada,

Shikamoo, na pole kwa kungoja. Nimehama tena, nashona viti vya magari. Barua yako niliisoma karakanani, nikajikuta nimekaa chini. Fundi mkuu akadhani nimejichoma sindano.

Kuja bado. Usiniulize sababu, kila nikiitafuta inanikwepa. Ila nimejirekodi nikighani shairi lile lile. Mwekee baba. Usimwambie ni nani.

Mdogo wako

21 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote tu wazima, na wanafunzi wanakusalimu bila kukujua.

Nilimwekea baba, sikumwambia ni nani. Alisikiliza kafumba macho. Ulipoparamia ubeti wa pili bila kupumua, akanishika mkono, akahangaika na midomo muda mrefu. Nilidhani ataghani. Akasema, kwa sauti kavu ya kawaida, maneno yake ya kwanza yasiyo ya shairi tangu apooze:

“Mwanangu anakimbia nini?”

Tangu hapo, kila mlango ukifunguliwa anageuka kutazama, kisha ananiona ni mimi. Jibu ni lako, mdogo wangu. Na usilirekodi.

Dada yako