Kabla Sijakujibu

Kaka Jumbe,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa simu zangu huzipokei, na sikulaumu.

Hapa mtaani Umoja maji yamerudi. Ule mtandao nilioubuni ili watu wa mtaa wajadiliane umeshika; wamebishania taka siku tatu bila tusi hata moja. Kanuni zake ni mbili tu. Hakuna anayetolewa kabla ya kusikizwa. Na kabla hujamjibu mwenzako, urudie hoja yake kwa maneno yako mpaka akubali kwamba umemwelewa.

Watu wananipongeza. Hawajui kwamba tulipobishana kuhusu Mama kwenye kundi la familia, mimi ndiye niliyekutoa kwa hasira.

Mama alipofariki hapa kwangu alfajiri, tangazo la maziko nililiweka kwenye kundi hilo hilo: leo, baada ya swala ya adhuhuri. Kila mtu alidhani umeliona. Hata mimi, wallahi, nilikuwa nimesahau kwamba nilikutoa, hadi wanaume waliporudi kutoka makaburini, na Mjomba, viatu vimejaa udongo, akaniuliza, "Mbona Jumbe hakuja kumzika mamake?"

Ulikuwa Dandora, hapa jirani tu, kaka. Si ng'ambo.

Leo nafuata kanuni yangu mwenyewe. Ulisema tusimtoe Mama kwake Majengo. Kwamba nyumba yangu ina kila kitu ila majirani zake, na upweke utammaliza.

Je, nimekuelewa? Langu sitaliandika mpaka unijibu.

Dada yako,
Sundus