Baba, Ulijua Jino Limelika

Baba,

Sikuamkii. Kama unanisikia huko uliko, ujue sijasahau, nimekataa. Nimeianza barua hii mara tatu kwa shikamoo, na mara tatu nimeikunja nikaitia motoni. Mama akaniuliza naunguza nini, nikamwambia madaftari mabovu ya wanafunzi. Basi na mimi sasa ni mwongo nyumbani kwako.

Ni mwezi wa pili tangu tukuzike hapa Runazi, nyuma ya zizi. Kila mtu anayekuja kutupa pole anasema Mungu alikupenda zaidi. Naitikia, naenda kusimama nyuma ya jiko, nauma kanga. Mungu hakuhusika na bunduki ile, Baba. Uliyehusika ni wewe.

Nani alinifundisha? Nilikuwa darasa la sita. Ulikuwa na mabinti watano na mimi ndiye wa kwanza, ukatandika mkeka uani, ukaiweka bunduki katikati, ukaniambia, "Kabula, bunduki haiulizi kama aliyeishika ni msichana." Ukabonyeza komeo, ikakunjika katikati kama mtu aliyeinama kufunga kiatu, nikaona tundu la risasi. "Tazama. Umeona haina kitu? Sasa tia kidole." Nikatia. Ukanifundisha kuinua mtutu na kuchungulia mbinguni kabla ya kupiga, kwa sababu mwaka mmoja nyigu walijenga kiota cha udongo ndani yake, na ungepiga, mtutu ungekupasukia usoni. Kitambaa cha kanga kuukuu kwenye ufito, kupitisha mpaka kitoke cheupe. Mafuta ya cherehani, tone moja kwenye bawaba, siyo zaidi, yakizidi yanashika vumbi. Risasi kwenye kopo ndani ya sanduku la Mama, na kufuli. Bunduki mahali pengine, na kufuli lake. Na njiani, siku zote, imekunjwa, iko wazi, inaning'inia mkononi, mpaka usimame penye ardhi imara na umwone mnyama kwa macho yako.

Siku moja niliifunga bila kutia kidole. Haikuwa na kitu. Ulinipiga kofi, sikio la kushoto likaimba mpaka jioni. Mama akakugombeza, ukamjibu, "Alie leo, mimi nisije nikalia kesho."

Nililipokea kofi lile. Nililiheshimu, Baba. Kwa miaka yote hii nimeamini lilitoka kwa mtu ambaye hangeweza hata siku moja kufanya alilonikataza.

Likizo ya Desemba nimetoka Bukiriro ninakofundisha, nimechoka na kusahihisha mitihani, ukanipa niisafishe, kwa sababu ulipenda kusema hakuna anayeisafisha kama Mwalimu. Nyundo ya bunduki yako ina vituo viwili. Ukiivuta nusu, inashikwa na jino la kwanza, na hapo haitakiwi kuanguka hata uigonge. Ukiivuta mpaka mwisho, iko tayari kupiga. Niliivuta nusu, haina kitu ndani, nikagongesha kitako kidogo tu chini. Ta! Nyundo ikaanguka. Nikarudia. Ta!

Ulikuwa umekaa kwenye kigoda unanitazama.

"Baba, jino limelika."

"Nimeliona."

"Tangu lini?"

Ukaokota kijiti, ukaanza kuchokoa meno. Kisha ukasema utaipeleka kwa fundi Mwanza tukishavuna. Nikakuomba mpaka siku hiyo usiibebe na risasi ndani, hata hatua moja. Ukanigeuzia uso. "Unanifundisha mimi?"

Nikanyamaza. Mimi ninayesimama mbele ya watoto themanini kila asubuhi, nilinyamaza kama ambaye bado sikio linamwimba. Hilo nalibeba mwenyewe. Lakini wewe beba la kwako.

Mama amenisimulia, na haikuwa rahisi kumtoa maneno. Asubuhi, nyani wameingia kwenye mahindi upande wa bondeni. Yeye yuko kwenye maharage. Wewe ulitia risasi palepale mlangoni, ukaifunga, ukavuta nyundo nusu, ukaitupia begani. Mlangoni, Baba! Ulipofika kwenye gogo la kuvukia mfereji, Mama akakupigia kelele, "Baba Kabula, ifungue kwanza, uvuke!" Ukamjibu, "Nyani hawanisubiri mimi." Buti likateleza kwenye unyevu. Wewe ukaenda upande, bunduki upande, kitako kikagonga gogo.

Mama anasema aliposikia mlio alifurahi. Alifurahi! Alidhani umempata mmoja. Akanyoosha mgongo ili aone, akawaona nyani wote wanakimbilia kichakani, na wewe hakukuona. Marisau, zile chembe za risasi, yalikuingia chini ya kwapa. Walikubeba kwenye pikipiki, mwenye pikipiki mbele, jirani nyuma amekukumbatia, na hukufika barabara ya lami. Mama mpaka leo anarudia neno hilohilo: nilifurahi.

Sasa nikueleze kilichofuata, maana wewe umelala.

Siku ya tatu baada ya mazishi, Baba mdogo Masanja alirudi kutoka kwa mganga akiwa na jina mdomoni. Bibi Nkamba. Jirani yetu, mjane, ana macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote. Kosa lake ni kwamba ng'ombe wako waliingia kwenye karanga zake, mkagombana mbele za watu, naye akakwambia, "Utaona." Neno hilo moja. Mdogo wako alilizungusha kijiji kizima. "Mtu mzima, amebeba bunduki miaka ishirini, atateleza vipi kwenye gogo analovuka kila siku? Kuna mkono hapo."

Walianza kwa mawe juu ya bati lake. Kisha wakaupiga mlango wake mapanga, mlango tu, ili aelewe. Asubuhi yake alifunga kanga mbili kwenye fundo akaondoka kwenda kwa mwanawe anayeuza viatu vya mtumba Kabanga, mpakani na Burundi. Karanga zake akaziacha shambani.

Nikamuuliza Mama kwa nini hakusema alichokiona. Akatazama chini. "Nitamsemaje vibaya baba yenu, na udongo wake haujakauka?" Unaona? Heshima yako ililindwa na sisi wote. Ilibakia kidogo tu tuilinde kwa roho ya mtu.

Nilimchukua Baba mdogo na mwenyekiti wa kitongoji, tukaenda kituo cha polisi Biharamulo ambako bunduki yako imehifadhiwa. Askari wa ghala la silaha ni mtu mzima, hana haraka. Aliitoa, kabla ya neno lolote akaikunja, akatazama, akatia kidole. Nilitaka kumkumbatia, halafu nikataka kukupigia kelele wewe. Angalia, Baba! Mtu anayefanya hivyo kila mara, hata pale mezani, hata anapojua haina kitu!

Nikamwomba aivute nyundo nusu na agongeshe kitako mezani. Akagongesha. Ta! Mara ya pili, ta! Mwenyekiti akasogea karibu.

"Hii haikufaa kutembea na risasi ndani," askari akasema. "Hata kama mtu hajateleza."

Baba mdogo hakukubali. "Sawa, ni mbovu. Lakini nani alimsukuma?"

"Hakuna aliyemsukuma," nikasema. "Alipanda kwenye gogo lililoloa na bunduki iliyofungwa, ina risasi, jino limelika, na alijua. Nilimwambia mimi. Mama akamwambia palepale mferejini."

"Unamvua nguo baba yako mbele ya askari?"

"Namvua. Yeye hatasikia baridi. Bibi Nkamba atasikia panga."

Hajaniongelesha tangu siku hiyo. Lakini mwenyekiti aliitisha mkutano, akaeleza alichokiona kwa macho yake, na Mama akasimama. Mama yangu, ambaye hajawahi kuongea mkutanoni, akasimama akasema, "Nilimwambia aifungue, akakataa." Akakaa. Baada ya hapo hakuna aliyerusha jiwe.

Nilikwenda Kabanga kumfuata Bibi. Lusahunga nikashuka, nikapanda gari jingine, nimefika mchana nimejaa vumbi. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo kati ya viatu vya watu, mabasi yanapiga honi, vijana wanapita na pesa za Burundi mikononi. Nikapiga goti, nikamwamkia. Alininyima marahaba kwa muda mrefu. Nikamweleza yote, nikamwomba radhi kwa ajili ya ukoo.

Akaniambia, "Baba yako alishaniomba."

Sikuelewa.

"Siku mbili kabla hajafa. Alikuja saa za jioni, jua bado liko juu. Akasema ng'ombe ni wake, kosa ni lake, atanisaidia kuvuna. Nikampa viazi, akala. Nilidhani kawaambia nyumbani."

Baba! Hukumwambia mtu! Ulienda kwake, ukaomba radhi, ukala viazi vyake, ukarudi nyumbani ukakaa kimya, kwa sababu mwanaume wa Kisukuma mwenye ng'ombe na bunduki hawezi kusema mbele ya mkewe kwamba alikosea. Ungesema neno moja tu mezani. "Nimepatana na Nkamba." Mama angejua, Baba mdogo angejua, yule bibi angelala kwake. Ulinyamaza juu ya jino, ukanyamaza juu ya viazi. Jino likakuua wewe. Viazi vilibakiza kidogo vimuue yeye.

Na kinachonikasirisha kuliko vyote ni kwamba niliposikia habari ile, nililia kwa furaha pale katikati ya viatu. Nililolijua ni moja tu, kwamba ulikwenda. Kwamba ulikuwa mtu wa kwenda. Sasa nitakukasirikia vipi sawasawa?

Bibi Nkamba amerudi. Alisema harudi kwa ajili yetu, anarudia karanga zake. Wadogo zangu wote wanne walishinda shambani kwake wiki nzima, na jana alimtumia Mama ungo mzima umejaa, bila salamu yoyote.

Nyani bado wapo. Mama anawafukuza kwa debe. Nimejaza fomu polisi niombe kuimiliki bunduki kwa jina langu, na nimeandika kwamba haitatoka ghalani mpaka fundi mwenye kibali abadilishe jino na askari yule aipige majaribio mbele yangu. Wakikataa, ibaki hukohuko, tutapanda mihogo michungu bondeni, nyani hawaitaki. Nakuahidi jambo moja. Watoto wa nyumba hii wakiuliza babu yao alikufaje, sitawaambia Mungu alimpenda. Nitawaambia aliteleza akiwa na bunduki mbovu aliyoifunga, na kwamba siku mbili kabla alikwenda kwa jirani akasema nimekosea.

Kwaheri, Baba. Jumapili nakuja kupalilia kaburi lako kabla sijarudi shuleni. Nitakuja na jembe, na nitakuja bado nimekasirika.

Mwanao,
Kabula