Haikuwa Mtandao, Mama

Durban, Alhamisi jioni

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Goti lako linasemaje wakati huu wa mvua? Na kifua? Mdogo wangu Neema akiniambia kwenye simu, "Mama iko muzuri," najua umemkonyeza, kwa hiyo safari hii jibu mwenyewe. Mimi nipo. Ninakula, ninalala, ninaamka. Ukiuliza zaidi ya hapo, sina.

Barua hii anakuletea Mama Riziki, yule anayeuza vitenge hapa mjini, anakuja Uvira kumwona mkwewe. Nimeandika kwa sababu simu imenishinda. Mara mbili Baba Mkubwa ameweka simu katikati ya watu, amepandisha sauti, akasema, "Bahati, wewe ndiye mwana wa kwanza, toa neno tumalize matanga ya baba yako." Mara mbili mmesikia kimya, mkasema ni mtandao. Haikuwa mtandao, mama. Mtandao ulikuwa mzuri, hata kuku wenu niliwasikia. Mimi ndiye niliyekosa la kusema.

Najua maana yake. Neno langu lisipotoka, wewe unabaki na nguo nyeusi, huendi sokoni, huimbi na wamama wa kwaya. Lakini nilijiambia, mtu atamalizaje matanga ambayo hajayaanza? Tangu Papa afe sijatoa hata chozi. Siku ile Neema aliponipigia nilikuwa bustanini na mbwa, wote wamefunguliwa. Nikamwambia, "Sawa, nimesikia." Nikawaita mmoja mmoja, nikawafunga kamba, nikawarudisha kwao. Kesho yake nikaenda kazini. Ndani yangu ni kama mguu uliokufa ganzi: unauona ni wako, lakini ukiufinya hausikii.

Kazi ni ileile ya mbwa. Haya, cheka umalize. Ninatembeza mbwa wa watu wa Morningside. Siku nyingine tunakwenda kwenye bustani yenye uzio, mahali mbwa wanaruhusiwa kukimbia bila kamba. Alhamisi tunakwenda ufukweni, upande ule waliopewa mbwa, mapema kabla mchanga haujawaka moto. Anayetupeleka kwa gari ni Bi Margaret, mjane mzee mwenye magoti kama yako, kwa hiyo anabaki garini na chupa yake ya chai. Mbwa wake anaitwa Prince, yaani mwana wa mfalme, na analala ndani ya nyumba, juu ya kochi. Nakuambia wewe tu, usimwambie mchungaji.

Watu wanadhani kazi ni kufungua kamba. Wapi! Kazi iko kabla ya kufungua. Ninapita kwanza mchangani na mbwa wakiwa wamefungwa, natafuta ndoana zilizoachwa na wavuvi, na vile vidudu vya bluu vinavyochoma, na samaki mmoja anayevimba kama mpira, Watanzania wa hapa wanamwita bunju. Bunju akitupwa pwani na mbwa akamla, huyo mbwa amekwisha. Nikiridhika namfungua mmoja, anakimbia kidogo, namwita. Akija, namfungua wa pili. Mbwa asiyeitika jina lake simfungui, hata mwenyewe anisihi vipi.

Leo nilifanya hayo yote na mchanga ulikuwa safi. Lakini bahari haiachi kuleta. Wimbi likamtupa bunju nyuma yangu, na nilipogeuka Prince alikuwa anatafuna. Nikampigia kelele aache. Hakuacha. Nikamkamata taya, nikaingiza mkono hadi kooni, nikatoa kichwa na kipande cha ngozi. Kilichobaki kilikuwa kimeshashuka. Bhekani, Mzulu anayelinda magari pale, akaja mbio.

"Eish, ndugu yangu, huyo anakufa! Nipe hao wengine, nitawashika. Kimbia!"

Nikamwachia kamba, nikambeba Prince hadi garini. Mzito kama gunia la muhogo. Hatujafika mbali, miguu yake ya nyuma ikalegea kabisa na povu likaanza kumtoka. Bi Margaret alipita taa nyekundu huku analia na kumwomba Mungu.

Daktari wa mifugo akamtapisha, akamwekea mrija wa kupumulia, kisha akatufungia mlango. Tukakaa kwenye viti vya nje. Bi Margaret analia, mimi naangalia mkono wangu mahali meno ya Prince yalipopita. Damu ilikuwa inatoka na hainiumi.

"Una moyo mgumu, Bahati," akasema. "Hata kutetemeka hutetemeki."

"Hata baba yangu alipokufa sikutetemeka." Sijui kwa nini nilimwambia.

Akageuka. "Baba yako amekufa? Lini?"

"Kabla ya Krismasi."

"Na ukaja kazini?"

"Mbwa walikuwa wananingoja."

Baadaye akauliza habari zako. Nikamweleza nguo nyeusi, na matanga, na neno la mwana wa kwanza, na kwamba mimi nangoja nilie kwanza ndipo niseme. Nilidhani atanihurumia mimi. Akatikisa kichwa, akasema, "Maskini mama wa watu. Umemfungia ndani muda wote huu?"

Mama, hapo ndipo niliposikia kitu. Si machozi, usifurahi bado. Niliona aibu. Nilikuwa nimeshughulika na ganzi yangu, sikukuona wewe umekaa mkekani na wamama wa kwaya wanapita mlangoni bila wewe.

Prince hajafa. Daktari anasema akiweza kupumua mwenyewe hadi asubuhi, atapona. Wale wengine niliwakuta kwa Bhekani, wamekunywa maji, hakuna aliyepotea. Mkono wangu umefungwa bandeji, ndiyo maana mwandiko huu umekaa hivi.

Msalimie Baba Mkubwa, asinikasirikie. Msalimie shangazi anayelala nawe tangu msiba, na yule jirani fundi aliyechonga jeneza la Papa. Sijamshukuru hata siku moja, nishukurie. Na wamama wa kwaya, wakusogezee nafasi kwenye benchi.

Neema mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, hapa simama kwanza. Waite watu, Baba Mkubwa awepo. Kisha soma kwa sauti:

Mimi Bahati, mwana wa kwanza wa marehemu, nasema matanga ya baba yetu yamekwisha. Mama, vua hizo nguo nyeusi, oga, vaa kitenge chako, nenda kanisani ukaimbe. Mimi bado sijalia. Usiningoje.

Mwanao,
Bahati