Mkono Mmoja, Karatasi Thelathini na Tisa

Jumapili, 3 Julai 1988
Daftari, unisamehe. Mara ya mwisho niliandika siku mbili kabla ya Krismasi, tumbo limeegemea meza. Tangu hapo nimezaa, nimefua sana, nimelala kidogo. Ukurasa wako mmoja nimewashia moto, mwingine Alistidia, mwanangu, kautafuna. Sina cha kujitetea. Nilikusahau.

Leo naandika nimesimama, nimeweka daftari juu ya pipa la maji. Mtoto yuko mgongoni. Nikikaa anaamka. Ana miezi sita na tayari ni mnyapara.

Habari kwa kifupi. Baba Alistidia bado yuko visiwani ananunua dagaa. Salamu zake zinakuja zimefungwa pamoja na samaki wakavu na zinanuka hivyo hivyo. Mimi nimerudi Kampuni tangu Aprili, kuchambua kahawa, benchi la tatu. Bibi Klaudia, jirani yetu hapa Kibeta, anakaa na mtoto. Saa nne na saa saba anamleta getini, Luhaga mlinzi anapiga filimbi mara mbili, natoka kunyonyesha. Ruhusa ya maandishi hakuna. Clotilda, mnyapara wetu wa kweli, anageuka kutazama dirisha. Hiyo ndiyo ruhusa.

Jumatatu, 4 Julai
Kumekuja Mgeni kutoka Makao Makuu, Dar. Suti ya kijivu, viatu vyeupe — kwenye vumbi la makapi ya kahawa. Akasema Kampuni ina watu elfu mbili nchi nzima na yeye anataka kuusikia moyo wa kila mmoja. Kisha akatazama saa.

Kaleta karatasi arobaini, maana sisi wachambuzi ni arobaini. Maswali mawili tu. Nini kinakupendeza katika kazi yako. Nini hakikupendezi. Jina usiandike. Muwe huru kabisa, akasema.

Petronila wa benchi letu akainua mkono, akamwita kwa heshima ya Kihaya. "Huru mpaka wapi, waitu?"

Mgeni akafikiri. "Mpaka mwisho wa ukurasa."

Jumatano, 6 Julai
Mkono wangu umekufa. Naandika kwa mkono uliokufa.

Ilikuwa tufanye kama mtihani. Tukae kantini, kila mtu meza yake, Bwana Rutashobya wa Utumishi asimamie. Asubuhi akapata habari ya msiba Maruku, mama yake mdogo. Akaondoka na gari la Kampuni. Karatasi akamwachia Clotilda: wajaze, nizikute mezani.

Sasa, sisi kusoma tunasoma. Hata wale wa elimu ya watu wazima wanasoma. Lakini barua ya kwenda kwa mkubwa haiandikwi na kila mtu. Hata kijijini, barua ya posa au ya kuomba shamba anaitwa mwenye mkono mzuri na maneno ya heshima, wengine wanasema tu ya moyoni. Ndivyo tulivyolelewa. Basi Ma Zuena, mkubwa wetu sote, akanisogezea karatasi yake. Verdiana mwanangu, wewe umemaliza la saba, mkono wako unasimama, niandikie. Nikamwandikia. Nikainua kichwa, nikaona foleni.

Ya Ma Zuena. Kinachopendeza: kengele ya saa tisa na nusu. Anasema miaka hamsini nyumbani hajasikia kengele ya kumwambia kazi imekwisha.

Ya Petronila. Kinachopendeza: kukaa. Kisichopendeza: kukaa, makalio yanauma. Nikamwambia chagua moja. Akasema wameuliza mawili.

Limi ni Msukuma. Kisichompendeza: ndizi kantini, Jumatatu ndizi, Jumanne ndizi, Jumatano ndizi zimesimama upande mwingine wa sahani. Anaomba ugali hata kwa mwezi mmoja, kwa majaribio.

Rozi: overoli. Zimeshonwa Dar kwa wanaume warefu. Yake anaingia yeye na kikapu.

Chai ya Kampuni imetajwa na kumi na tisa. Mmoja alisema ni maji yaliyokutana na majani ya chai njiani yakasalimiana tu. Nikaandika hivyo hivyo.

Kinachopendeza karibu wote: lori la msiba, na mbao za jeneza. Kampuni inamfikisha marehemu wako hadi kwao, haiulizi alikuwa anaumwa nini. Mmoja alisema mwaka huu lori limeingia kwao mara tatu, dereva sasa anawajua mbwa kwa majina. Tulicheka. Kisichopendeza karibu wote: siku moja ya msiba. Siku moja unafika, unalia, hujamaliza, unarudi kuchambua.

Na hili wamelitaja ishirini na mbili, nimehesabu: wakubwa wanapita katikati ya meza bila kusalimu. Kama wanapita kwenye migomba. Tena mgomba angalau unatazamwa kama umezaa.

Petronila alitaka niongeze neno juu ya tumbo la mhasibu. Nilikataa. Nimekataa matusi yote, yawe ya kweli au ya uongo. Na kila karatasi nimeianza kama mwalimu wetu wa shule alivyotufundisha: "Shikamoo Mkubwa. Baada ya salamu, naomba radhi kwa kukuchukulia wakati wako." Mtu hawezi kuanza tu kwa makalio.

Alhamisi, 7 Julai
Sabasaba. Sikukuu. Nepi kumi na nne.

Ijumaa, 8 Julai
Zimekwisha. Thelathini na tisa. Ya arobaini ilikuwa yangu, Petronila kaimwagia ile chai. Doa lenyewe halikuonekana vizuri — hata doa haiwezi kutia. Lakini karatasi ikachanika.

Kwa hiyo mimi sikuandika kitu. Ningeandika moja tu: kwamba kutoka getini saa nne na saa saba iwe halali, iandikwe mahali, nisitegemee shingo ya Clotilda. Akiumwa shingo je? Basi. Nimewasemea wengine.

Bwana Rutashobya karudi leo. Siku tatu. Tulimpa pole. Macho yake mekundu. Kazibeba karatasi bila kusoma, akampa Mgeni, Mgeni akawahi ndege.

Jumanne, 19 Julai
Simu kutoka Dar. Clotilda aliisikia akiwa mlangoni pa ofisi. Anasema Bwana Rutashobya alikuwa anaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, huku anakaa chini polepole.

Makao Makuu wanasema matawi mengine yote yamejibu ovyo, kila mtu lake. Bukoba peke yake imejibu kwa mwandiko mmoja, kwa salamu moja. Wanauliza: huyo kiongozi ni nani?

Bwana Rutashobya akamtuma Clotilda aje kutuuliza, Petronila akasema ni mimi. Kwa sauti ya kujivunia, kama amenizaa.

Sina usingizi. Nikifukuzwa, zahanati ya Kampuni ndiyo basi, na mtoto kifua chake hakijatulia. Sabuni ya Kampuni ya kila mwezi basi. Uji wa mtoto basi. Visiwani huwezi kumtegemea mtu anayetuma salamu ndani ya samaki.

Jumatano, 20 Julai
Nimeitwa. Clotilda alikuja benchini, akasema nenda Utumishi, funga kitambaa vizuri.

Nilipiga magoti mlangoni nikamwamkia Bwana Rutashobya. "Kaboneka, waitu." Alikuwa amezipanga karatasi mezani kama karata — Dar wamemrudishia nakala.

"Verdiana. Una umri gani?"

"Ishirini na mbili, mzee."

"Hapa unasema una miaka hamsini nyumbani bila kengele."

"Huyo ni Ma Zuena, mzee."

"Hapa umezaa tisa. Hapa unaomba Kampuni ikutafutie mchumba, dereva ikiwezekana. Hapa wewe ni Msukuma."

"Huyo Limi, mzee."

"Huku unapenda kukaa na hupendi kukaa."

Nilitaka kusema Petronila. Nikaona nimeshawataja wawili, karatasi hizi hazina majina, na mimi ndiye nayatia. Nikasema, mzee, waliniambia na mimi nikaandika. Zaidi ya hapo siwezi kusema.

Akauliza, kwa nini hamkuandika kila mtu lake? Nikamwambia barua ya kwa mkubwa, mzee, mtu akiharibu salamu ni aibu ya wote. Akajishika paji la uso. Yeye ni wa Maruku. Anaijua hiyo desturi kabisa. Lakini utaielezaje kwenye simu, mtu wa viatu vyeupe akakuelewa?

"Na yako ni ipi?"

"Sina, mzee. Ilichanika."

"Karatasi thelathini na tisa za malalamiko, na wewe mwenyewe huna lalamiko."

"Ninalo, mzee."

Hapo filimbi ikalia getini. Mara mbili. Saa nne. Maziwa nayo hayajui ofisi — yakashuka, overoli ikalowa mbele, pande zote mbili, mbele ya Bwana Rutashobya. Nilitamani sakafu inimeze. Kisha nikajiambia hapana, Verdiana, umeshalowa, sema.

Nikasema, "Lalamiko langu ndilo hilo linalopigiwa filimbi, mzee. Nampa mtoto titi kwa kuiba. Nataka nimpe bila kuiba."

Akatazama dirishani. Nikadhani na yeye anatoa ruhusa ya Clotilda, lakini alikuwa anatafuta maneno. Mwishowe akasema nenda kamnyonyeshe, urudi.

Niliporudi mlango umefungwa. Yuko kwenye simu.

Alhamisi, 21 Julai
Bado. Wanawake wamegawanyika. Ma Zuena amesema akiulizwa atakiri makosa ya kengele. Limi anaogopa watamrudisha Shinyanga kwa ajili ya ugali. Petronila anasema wakinifukuza na yeye anaondoka, ila baada ya siku ya sabuni.

Jambo la ajabu. Asubuhi Bwana Rutashobya alipita katikati ya meza, akasimama benchi la kwanza, akasalimu. Kisha la pili. Sasa mwanamke wa Kihaya akisalimiwa na mkubwa hawezi kujibu amekaa. Wote chini, magoti, benchi baada ya benchi, na heshima zake zote. Dakika kumi hakuna kahawa iliyochambuliwa. Clotilda karibu alie. Hili nalo tuliliomba wenyewe, kwa mwandiko wangu.

Ijumaa, 22 Julai
Uamuzi. Bwana Rutashobya kausema amesimama, haraka.

"Jumatatu unapanda lori kwenda Muleba. Kagoma. Kituo kipya cha kununulia kahawa. Unakwenda na mtoto wako."

"Kama nani, mzee?"

"Utaandikiwa."

"Nani ataniandikia?"

Akasema Makao Makuu. Akaongeza kwa sauti ndogo kwamba Dar walitaka nitolewe hapa, hawakusema nipelekwe wapi, na yeye amefanya alivyoweza. Kisha akaniuliza mtoto anaitwa nani. Nikamwambia. Akasema jina zuri.

Petronila: umepandishwa, utakuwa na meza. Bibi Klaudia: wamekutupa, mtu hapandishwi kwa lori. Luhaga kanipa mkono getini, akasema atapiga filimbi Jumatatu saa nne hata hivyo, mkono umezoea.

Jumatatu, 25 Julai
Kagoma. Kituo ni banda la bati na stoo yenye kufuli kubwa. Ufunguo ninao. Wa kufuli nyingine.

Dereva alinishusha mimi, mtoto, godoro, mizani, akageuza. Kesho kutwa anapita tena, ananiambia andika unachokosa nitapeleka.

Watu walikuwa wanangoja tangu alfajiri na magunia yao. Mzee mmoja, Lameki, ana miti mia tatu, akavua kofia. "Karibu, Bwana Kampuni."

Nikasema mimi ni mwanamke, tata, baba yangu.

"Naona," akasema. "Lakini Kampuni ndiyo wewe? Maana hatujawahi kuiona. Tulidhani ina suti."

Nikaangalia nyuma. Nyuma yangu kulikuwa na godoro. Nikasema ndiyo. Basi wakaanza, kila mtu lake: mizani ya mwaka jana ilikuwa inaonea, lori linachelewa, mnunuzi aliyepita alikuwa hasalimu. Nikawasikiliza wote. Hakuna aliyeniomba niandike, nami sikujitolea.

Jumanne, 26 Julai
Nimepima kahawa siku nzima mtoto akiwa titini. Mkono mmoja mizani, mmoja Alistidia. Hakuna aliyegeuka kutazama dirisha. Dirisha lenyewe hakuna. Mama mmoja aliniletea ebitoke, ndizi za kupika, mwingine kiti. Saa nne ilipita sikuijua. Saa saba ilipita. Amenyonya mara tano, kalala juu ya gunia la Mzee Lameki, na mzee kakataa gunia kusogezwa mpaka aamke. Foleni yote ikangoja nyuma yake.

Wanauliza nitakaa mpaka lini. Nasema mpaka Kampuni iseme. Wanasema si wewe Kampuni?

Orodha ya kumpa dereva kesho, aifikishe kwa Bwana Rutashobya. Shikamoo na radhi nitaweka wakati wa kunakili.

1. Ufunguo wa kufuli ya Kagoma. Huu niliopewa ni wa choo cha kiwanda, Clotilda atakuwa anautafuta.
2. Jiwe la mizani la kilo ishirini, moja. La kumi lipo.
3. Turubai. Kahawa iko nje, na mawingu yako juu ya ziwa.
4. Sindano kubwa ya kushonea magunia, na kamba.
5. Kalamu za wino, mbili. Hii inakwaruza.
6. Dawa ya kifua ya mtoto, ile nyekundu, chupa moja. Jina la Alistidia bado limo kwenye daftari la zahanati, naomba lisifutwe.
7. Overoli ya mwanamke. Kama haijashonwa bado, kitambaa, nitashona mwenyewe.
8. Barua ya Makao Makuu ya kusema kama nimepandishwa au nimefukuzwa. Kama nimefukuzwa, isije kwa ndege. Ije kwa lori, taratibu, baada ya msimu, maana hapa nje wako watu thelathini na wawili na mimi ndiye mwenye mizani.