Kengele Saba za Sauti Moja

Bibi Katarina, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekalia pipa nililolikata nusu, kwa hiyo ukiona mistari imepinda ujue pipa limeyumba, na naomba unisaidie haraka maana nina fomu ya chuo cha ufundi mkononi na kila ninayemwonyesha ananichagulia kozi anayoitaka yeye, na mwisho wa kuirudisha ni tarehe thelathini ya mwezi huu wa Oktoba.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi hapa Kakese, nina miaka thelathini na minane, nina mke na watoto watatu, sinywi, sichezi bao, starehe yangu ni moja tu, nayo ni kufua chuma. Jioni nikishasahihisha madaftari nawasha mkaa nyuma ya nyumba, navukuta mpaka chuma kinakuwa chekundu, kisha nakipiga nyundo, na uchovu wote wa siku unaniisha. Siuzi kitu. Watu wanapita wanauliza, "Mwalimu, unapata nini humo?" nami nikijibu kwamba napata raha wanacheka mpaka wanashika magoti, na mke wangu Suzana anawaambia, "Mwacheni, wenzake wana baa, yeye ana nyundo."

Nimetengeneza bawaba, koleo, visu vya jikoni, na mwaka huu nikaingia kwenye kengele za ng'ombe kwa ajili ya jirani yangu Manyanda, Msukuma aliyehamia hapa na mifugo yake miaka sita iliyopita, ambaye ndiye rafiki yangu hasa. Nilichora kipimo kwenye karatasi ya manila, nikapima kwa rula mpaka milimita, nikakata bati la pipa la mafuta, nikakunja, nikapiga ribiti za kushikanisha kingo, nikatundika ulimi wa msumari mnene, na zilipotoka tatu nzuri majirani wakaona wakataka, basi nikampa Monika, mjane mwenye ng'ombe wanne, kengele mbili, na mzee Salvatori mbili, jumla saba, zote kwa kipimo kilekile. Nilizigonga zote kabla ya kuzitoa, zikalia sauti moja, Bibi, moja kabisa, nikafurahi kama siku darasa zima linapopata jibu sahihi.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Huku wakati wa kiangazi ng'ombe huachwa waingie porini kutafuta majani, na jioni mchungaji husimama, husikiliza kengele anayoijua, humfuata ng'ombe wake huko huko vichakani na kulirudisha kundi. Wiki moja baada ya kugawa kengele zangu, Monika aliyekuwa na ng'ombe wanne alipokea tisa, Salvatori akapokea wa Manyanda na akakamua mmoja asiyemjua akapigwa teke na ndoo ikamwagika, na Manyanda mwenyewe akaletewa ng'ombe wawili wa Monika na ndama anayelia usiku kucha akimtaka mama yake. Kesho yake wote walikuja uani kwangu. Na hapo ndipo nilipokosea, Bibi, na ndicho kinachonichoma mpaka leo, maana badala ya kusema kosa ni langu nilisimama kama niko mbele ya darasa nikasema, "Tatizo si kengele, tatizo ni wachungaji wenu hawana masikio," nikamtazama Elias, mchungaji wa Manyanda, mtu mzima mwenye familia yake, ambaye hajawahi kupoteza hata mbuzi.

Manyanda ndiye aliyejibu, tena taratibu: "Bhabha, wewe umewavalisha ng'ombe wetu sare. Sasa unataka Elias aite majina?" Monika akadakia, "Na ada ya shule mtalipa nyie walimu!" Watu wakacheka mpaka Suzana akaingia ndani kucheka huko ili nisimwone.

Ningesema yameisha, lakini mwezi wa Januari mtoto wa Manyanda, Ezekia, anaoa Ilembo, na ng'ombe wa mahari watatoka hapa kwenda huko wakiongozwa na maksai aitwaye Meja, na Manyanda alikuwa ameniomba tangu Julai nimtengenezee Meja kengele ya peke yake, yenye sauti ambayo watu wa Ilembo wataisikia kabla hawajaona pembe. Baada ya mkasa ule aliniambia, "Ahadi yako bado ipo, mwalimu. Ukishindwa tutamvalisha Meja debe." Alitabasamu, lakini hajaja tena kukaa kwenye pipa langu jioni, na mimi kufua chuma bila Manyanda kunikosoa nimegundua si raha tena.

Chuo kinatoa kozi fupi za likizo ya Desemba, ninaruhusiwa mbili, na zilizopo ni kuchomelea kwa umeme, ufundi bati, uhunzi, ufundi magari na uchoraji wa kiufundi. Suzana anataka kuchomelea ili nimtengenezee grili za madirisha. Shemeji yangu Method anasema ufundi magari, kwa sababu yeye ana pikipiki mbovu. Mimi nimeshaweka alama ya penseli kwenye kuchomelea na kwenye uchoraji, na nakuungamia kwamba nilianza kupenda kuchomelea siku nilipokwenda mjini nikasimama karibu nusu saa nikitazama zile cheche, mpaka usiku macho yakawa kama yametiwa mchanga, lakini ni kitu kizuri ajabu. Nichague zipi, Bibi, nami nitapata vipi sauti ya Meja kabla ya Januari?

Ni mimi, Mwalimu Celestin, Kakese. Ukipenda ficha jina langu, ingawa huku hata ng'ombe wanalijua.

JIBU LA BIBI KATARINA

Marahaba, Celestin, mwalimu mwenzangu. Jina lako silifichi, maana hakuna mwingine Kakese aliyewavalisha ng'ombe sare.

Kwanza macho. Ule mwanga wa kuchomelea unaunguza jicho kama jua linavyounguza ngozi, na ule mchanga uliousikia ulikuwa ni kuungua. Mwalimu wa hesabu mwenye miaka thelathini na minane anatazama moto wa umeme nusu saa bila kioo cheusi! Usirudie, na watoto wako wasikusikie ukisifia.

Sasa futa ile alama ya penseli. Kuchomelea ni ufundi wa heshima, lakini nikuulize kitu kimoja: Kakese umeme umefika lini? Utarudi nyumbani na cheti, miwani myeusi na hamu, kisha mashine utaichomeka wapi, kwenye muhogo? Na hata ungekuwa na umeme, bati la pipa ni jembamba. Moto ule mkononi mwa mwanafunzi wa wiki mbili utalitoboa kabla haujaliunga. Uchoraji nao futa. Wewe huna upungufu wa rula, mwanangu. Rula ndiyo iliyokufikisha hapa. Ufundi magari mwachie Method akausome mwenyewe, pikipiki ni yake.

Nilifundisha fizikia miaka mingi, kwa hiyo nivumilie kidogo nieleze. Nenda jikoni kwa Suzana, omba sufuria kubwa na ndogo, zishike kwa uzi, uzigonge kwa kijiko. Kubwa na nyembamba itatoa sauti nzito. Ndogo na nene itatoa sauti ya juu. Kisha gonga ileile kwa mwiko, usikie sauti ilivyopoa. Halafu ishike kwa kiganja ugonge tena, na sauti itakufa, kwa sababu chuma hulia kikiwa huru kutetemeka. Kengele ni hivyohivyo. Sauti yake inatoka kwenye ukubwa, unene, ulimi, na maungio yasiyolegea. Wewe ulifanya vyote vinne kuwa sawa mara saba, na kwa kweli kazi yako ni nzuri, kwani kupata sauti moja mara saba kwa mkono si mchezo. Ulichokosa ni kujiuliza kengele ni ya nini. Darasani tunataka jibu moja kwa wanafunzi wote. Porini Elias anataka kila ng'ombe awe na jibu lake.

Kwa hiyo kozi zako ni ufundi bati na uhunzi, kwa mpangilio huo. Kwenye bati utajifunza kukata, kukunja na kufunga maungio yakaze bila kutegemea ribiti peke yake. Kwenye uhunzi utajifunza kitu ambacho uani kwako unakibahatisha: kuusoma moto kwa rangi yake, kujua bati lipigwe wapi liwe jembamba na wapi libaki nene. Mwombe pia mwalimu wa uhunzi akuonyeshe namna ya kuyeyusha vipande vya shaba vikaziba maungio ya kengele. Kengele iliyozibwa hivyo huimba kwa muda mrefu baada ya kugongwa. Hiyo ndiyo ya Meja.

Suzana usimdanganye kwa grili ambazo huwezi kuzitengeneza. Lakini ufundi bati utakupa mfereji wa paa, na mvua zikinyesha maji yataingia kwenye pipa lingine zima badala ya yeye kuyafuata kwa ndoo. Mfereji uwe kazi yako ya kwanza ukitoka chuoni, kabla ya kengele. Mke anayekuachia nyuma ya nyumba uchafuke utakavyo hapaswi kungoja nyuma ya maksai.

Na usione aibu kwamba huuzi. Wapo wanaovua samaki wakala, wapo wanaoimba kwaya bila mshahara, na hakuna anayewauliza wanapata nini. Mtu anayejifunza kitu kwa kukipenda tu ana haki ya kujifunza vizuri. Kupenda si sababu ya kubahatisha.

Nimebakiza neno gumu. Ulijua kosa ni lako, ukamtwika Elias mbele ya watu, tena mtu asiye na ubao wala chaki ya kukujibu. Usingoje Desemba. Jumamosi hii nenda kwa Manyanda, useme mbele ya walewale waliokuwa uani kwako, kwa maneno mafupi: "Masikio ya Elias ni mazima. Kosa lilikuwa la kengele." Usiongeze maelezo. Nakujua, utataka kuongeza.

Nenda na tupa na mkasi wa bati. Kengele za Monika zipunguze mdomo kwa upana wa vidole viwili, zitapanda sauti. Za Salvatori ziondolee msumari, uweke ulimi wa mti mgumu, zitakuwa na sauti ya kugonga mlango. Za Manyanda ziache. Kila unapomaliza moja, mgeukie Elias umuulize kama inatosha, na asipotingisha kichwa endelea kukata. Yeye ndiye anayejua, wewe una mkasi tu.

Januari, kengele ya Meja ikishapoa, usiigonge ukaisifu mwenyewe. Mwombe Elias asimame upande wa pili wa nyumba yako bila kuona, na Manyanda akiwa amekaa pale kwenye pipa lako. Igonge katikati ya zile saba, mara ya tatu, au ya nane, popote. Elias akiita "Meja!" bila kusita, chuo hakina cheti kikubwa kuliko hicho. Akikosea, rudi kwenye moto, siku bado zipo.

Na ile karatasi ya manila yenye kipimo mpe Suzana awashie jiko.