Baba, Siku ya Msiba Wako Sikukaa Mkekani

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Leo ni wiki ya saba tangu tukuzike. Nimeandika "tukuzike", lakini mimi sikuwepo. Ndilo linalonisumbua.

Wanawake walikuwa wamekaa mkekani, nami kando ya Mama. Shangazi akanibana bega. "Tulia, Kabula. Leo hata wewe tulia." Nilijaribu, Baba. Miguu ikawa kama inawaka, kichwa kikajaa sauti za watu wote kwa pamoja, nikashindwa hata kukulilia. Nikainuka kama anayekwenda chooni. Baiskeli yako ilikuwa imeegemea ukuta, na kile kiti cha abiria nyuma. Nikaipanda. Nilikanyaga hadi njia panda ya Kolandoto, na huko ndiko machozi yalikotoka. Mengi. Niliporudi, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Sikukutupia hata udongo wa kiganja kimoja.

Tangu siku hiyo Shangazi husema, "Huyu hata msiba wa baba yake haukumkalisha." Huwaambia wageni huku mimi nawamiminia chai. Sijawahi kumjibu. Namimina tu kikombe kinachofuata.

Wewe ungemjibu. Nilipokuwa darasa la sita, walimu walipochoka na mimi, ni wewe uliyenipeleka hospitali. Daktari akasema si utukutu wala kurogwa. Inaitwa ADHD, ubongo wangu hupata shida kutulia kwenye jambo moja. Akasema mazoezi hayaponyi, ila yanasaidia. Mtoto akitoka jasho kabla ya masomo, akili hutulia kwa muda. Akataka pia walimu wanikalishe mbele na wanipe kazi kidogo kidogo.

Kesho yake ukakaa wewe kwenye kiti cha abiria, ukaniachia usukani. Mimi, na wembamba wangu huu, nimbebe mwanaume mzima! Wenzako wa baiskeli za abiria kijiweni walishika mbavu. "Baba Kabula, unaumwa?" Ukawajibu, "Napelekwa shule, sikumaliza." Nilitamani ardhi inimeze. Wewe nyuma unaimba tu, "Kanyaga, mayu, kanyaga mama! Abiria ana haraka!" Kila asubuhi, mpaka kidato cha nne.

Nikifika darasani, ubao ulikuwa ubao. Sijui kueleza vizuri zaidi. Siku ulizougua, nikaenda kwa kupanda gari, maandishi yalitembea kama siafu.

Sasa nasoma nyumbani nirudie mtihani wa Biolojia na Kemia, nipate chuo cha uuguzi. Jana nilisoma ukurasa mmoja mara tano na sikubaki na kitu. Baiskeli imefungiwa stoo tangu msiba, ufunguo anao Shangazi. Nimejaribu kukimbia asubuhi. Vijana wa bodaboda wanapiga miluzi, "Dada, nani anakufukuza?" Nami nakata kona ya kwanza, narudi ndani.

Jumamosi kuna kikao cha kugawa vitu vyako. Baba Mdogo anakuja kutoka Masumbwe, na Shangazi ameshasema baiskeli ni ya huyo Baba Mdogo. Anasema binti aliyekimbia maziko ya baba yake hana cha kudai. Jana tu, tukichambua maharage, Mama aliniuliza bila kuniangalia, "Siku ile ulikwenda wapi, mwanangu?"

Nikasema, "Sijui."

Baba, nilimdanganya. Alikuwa ananisaidia niseme, nami nikainamia maharage.

Kwa hiyo nakuahidi. Mama nitamwambia leo, kabla hatujala. Na Jumamosi nitasimama mbele yao, maana nikikaa sitaweza, niwaeleze nilikwenda wapi, kwa nini, na daktari alisema nini. Nitaiomba baiskeli. Shangazi atanikatiza, najua. Nitaanza upya. Wakininyima, nitakimbia barabarani mchana kweupe, wapige miluzi mpaka wachoke. Lakini nitakuwa nimesema.

Nikinyamaza tena, nitakuwa nimekuacha uzikwe bila mimi mara ya pili.

Nisamehe ile ya kwanza. Pumzika, Baba.

Mwanao,
Kabula