Makabidhiano ya Tano

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na yule mpwa wangu mtundu. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ngazi za kazini zinakumaliza. Mimi mwili hauna neno, ila mafua yaliyokataa kuhama. Najua utashangaa kupokea karatasi zama hizi, na utasema mdogo wangu kachanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Nina jambo ambalo sikutaka lipite kwenye simu, na ukishalijua huenda usitake tena kuniita mdogo wako. Hilo linanitisha, maana nikikutoa wewe sina mtu. Nakuomba usirukie ukurasa wa mwisho. Acha nianzie mbali kidogo, nakujua huna subira, lakini leo nivumilie.

Nyumba ipo. Chumba cha baba nimekiacha kilivyokuwa: kitanda, runinga, kisanduku cha bisibisi, na zile friji mbili za wateja ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Dukani bado nasaga lenzi za miwani. Unakijua chumba changu cha nyuma, mashine na maji yanayochuruzika, na kidirisha wanachopitishia karatasi ya vipimo vya macho. Kuna siku natoka kazini nagundua sijatamka neno tangu asubuhi isipokuwa “tayari.” Nikifika nyumbani napika chakula cha mtu mmoja na bado kinabaki. Wewe una kelele za mtoto, usizichukie.

Sasa nije kwenye simu ya baba. Uliponiuliza iko wapi nilikwambia imekufa. Haikufa. Iko mezani hapa, na kwa miezi kumi na minne nimekuwa nikiitumia.

Unaikumbuka ile tamthilia ya anga za juu, ya Rubani anayeokoa vyombo vilivyopotea kati ya nyota? Ulikuwa ukiikimbia, ukisema ni watu wazima waliovaa ndoo kichwani. Basi iliendelea baada ya wewe kuondoka, na mpaka leo inaendelea. Mwigizaji akizeeka, au akigombana na wenye kampuni, Rubani hujeruhiwa, akatiwa kwenye sanduku la barafu, akagandishwa, na akitoka ana kumbukumbu zilezile na uso mwingine. Miaka ishirini na minane sasa, Rubani sita, makabidhiano matano. Baba aliipenda kwa ajili ya sanduku hilo. Alikuwa akisema ndiyo tamthilia pekee duniani ambayo shujaa wake ni friji.

Kwenye simu yake kulikuwa na kundi la washabiki kumi na tisa, waliotawanyika kila mahali, ambao hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Baba walimwita Fundi Baridi. Kiongozi wao ni mwalimu mstaafu, mtu wa kusahihisha hata nukta za wenzake. Kuna kinyozi ambaye hubisha huku ana kichwa cha mteja mkononi. Na kuna mama mmoja mshonaji, wanamwita Sindano, kwa cherehani yake na kwa ulimi wake. Miaka kumi na moja watu hawa walibishana na baba kila Jumamosi alasiri. Sisi tulidhani amejifungia kwa uchungu wa mama, kumbe mzee alikuwa barazani.

Wiki moja baada ya mazishi, wewe ukiwa umesharudi kwako, simu ile ililia. Mwalimu alikuwa akiuliza Fundi Baridi kapotelea wapi, mbona kiti chake kitupu. Nilikaa kitandani pa baba nikaandika kwamba baba amefariki. Nikaifuta. Nikaandika: “Nipo. Mafua tu.” Dada, sijui nilikuwa nafikiri nini. Nakumbuka tu kwamba walishangilia. Kinyozi alisema alishaanza kutafuta suti nyeusi. Watu kumi na tisa walifurahi kwa sababu baba yuko hai, na nikaona mimi ni nani hata niwaharibie.

Siku moja ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka. Niliitazama tamthilia yote tangu mwanzo, nikasoma maneno yake ya zamani yaliyosalia kwenye simu, ya miaka miwili tu, mengine yalikuwa yamejifuta. Nilijifunza kuanza kama yeye: “Sikilizeni, watoto wa juzi.” Nilijifunza kutukana kompresa za friji za siku hizi. Walinicheka, walinipinga, waliniuliza kama nimekula. Kwa jina langu hakuna aliyeniuliza hivyo tangu mazishi, ila wewe.

Halafu Sindano akaanza kuniandikia pembeni, nje ya kundi. Mume wake aliyemtoroka miaka miwili iliyopita alikuwa anabisha hodi, anataka kurudi, na yeye hakuwa na mzee wa kumuuliza. Alisema anamuuliza Fundi kwa sababu ni mtu aliyeishi na mke mmoja mpaka akamzika. Ningeweza kunyamaza. Lakini nilimjibu kwamba mlango ni wake, na hakuna aliyewahi kufa kwa kuuacha umefungwa. Akashukuru sana, akaniita baba. Hakumfungulia yule bwana. Kumbe aliyemshauri ni kapera wa miaka thelathini na minne asiyejua hata kumkaribisha msichana chai.

Njia ya mwongo ni fupi, nawe ulinionya hilo tangu nikiwa na meno ya utotoni. Mwezi uliopita tamthilia ilitangaza kwamba Rubani wa sita naye anaondoka, na kundi likawaka moto: katika makabidhiano yote matano, yapi bora? Mwalimu alitetea ya kwanza, akisema bila hayo yasingekuwepo mengine. Kinyozi aliyataka ya pili, kwa sababu Rubani yule alitoka sandukuni na ndevu zilizonyolewa vizuri. Sindano alisimama na ya tatu, ambapo mwanamke ndiye aliyetoka, akalikuta koti la mwenzake linampwaya, akalipunguza mikono kwa uzi na sindano kabla ya kuongoza chombo. Akasema huyo ndiye mtu aliyejua kurithi. Walitupiana maneno mpaka saa kumi. Kisha wakasema tumwache mzee atoe hukumu.

Niliandika bila kufikiri, dada, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nasema langu. Nilisema ni makabidhiano ya tano. Chombo kimegongwa, kimepinduka, sanduku limebingirika mara tatu. Wanalisimamisha, na Rubani mzee kabla hajaingia anaweka sawa ukosi wa shati, anawaambia wenzake kuna mtu atakayetoka humu, mpokeeni vizuri, msimwambie kwamba mimi mlinipenda zaidi. Wanafunga mlango, wanawasha, mwingine anatoka. Niliandika kwamba kila nikilitazama tukio hilo nalia. Na ni kweli, nalia.

Halafu kinyozi akauliza kama Fundi Baridi anaumwa. Kumbe miaka ya nyuma baba aliyaponda makabidhiano hayo kuliko yote. Alikuwa akiwaambia kwamba friji iliyolazwa haiwashwi palepale. Unaisimamisha, unaiacha masaa, oili irudi chini kwenye kompresa, ndipo unaichomeka. Kuliwasha sanduku lile palepale, alisema, ni kuua mtambo na aliyemo ndani, na kila aliyelilia tukio hilo hajawahi kumiliki friji. Lilikuwa ndilo neno lake maarufu, wakilirudia wote kama salamu, miaka ile ambayo maneno yake kwenye simu yalishajifuta. Na mimi, niliyezishusha friji ngapi na baba kwenye ngazi za watu, niliyekemewa kwa kosa hilohilo na kofi la kisogo juu, nikalisahau.

Mwalimu akauliza, kwa adabu ya kutisha, kwamba anayeandika ni nani. Nilikuwa dukani, Jumamosi tunafunga saa kumi na moja, na kwenye mashine kulikuwa na lenzi ya mtu. Niliizima mashine nikawaambia. Niliwaambia baba alifariki lini, na kwamba mimi ni mwanawe, na tangu wakati huo ni mimi.

Nilingoja matusi. Sindano ndiye aliyeandika wa kwanza. Aliandika, “Pole kwa msiba.” Akafuata kinyozi, pole sana. Kisha mmoja baada ya mwingine, wote, hata wale wasiosemaga kitu. Walikuwa wanamlia baba kana kwamba kafa saa ile, na kwao kweli alikuwa kafa saa ile. Nilikaa kwenye stuli ya chumba cha nyuma nikalia kilio ambacho makaburini kilinigomea. Baadaye mwalimu akaandika kwamba marehemu aachwe apumzike, nami nikaona kwenye kioo cha simu kwamba namba ya baba imeondolewa kundini. Hakuna aliyeomba namba yangu. Simlaumu mtu.

Lakini Sindano aliniandikia pembeni mara moja ya mwisho. Hakunitukana. Aliniuliza kuhusu lile neno la mlango: ni la nani, la Fundi au langu? Nikasema ni langu. Akasema huenda lilikuwa neno zuri, na huenda hata akiambiwa leo angefanya vilevile, ila angependa achague mwenyewe wa kumsikiliza. Alisema amemshukuru mtu asiyehusika, na aliyehusika hakumjua. Kisha akanifungia njia, sioni tena hata picha yake.

Tangu siku hiyo nimeharibu lenzi tatu, mimi ambaye sikuwa nimeharibu hata moja kwa miaka miwili. Maana swali lake nililisikia kwa sauti yako.

Dada, ule ujumbe uliokufikia kutoka kwenye namba ya baba, wiki ile aliyofariki, uliosema: “Mwanangu, yaliyopita yamepita. Nimekusamehe. Njoo nyumbani.” Niliuandika mimi.

Ilikuwa Alhamisi, alasiri. Baba alikuwa amelala na simu ilikuwa inachajiwa pale dirishani. Nilijua hana siku nyingi. Miaka tisa alikuwa hajalitaja jina lako, tangu ulipoondoka bila kuaga, mama akiwa hajiwezi. Nilitaka uje umkute. Ukafunga safari, ukafika tumeshamzika jana yake, na uliposhuka tu ulinionyesha ujumbe ule, ukaniambia angalau umepata hilo. Ningesema nini? Nilikuangalia machoni nikakwambia, ndiyo, angalau. Na juzi ulinieleza kwamba umemsomea mwanao ajue babu yake alikuwa mtu wa namna gani. Nilikata simu nikisingizia mtandao.

Najua utakachouliza, kama nami nilivyoulizwa. Utataka kujua baba alisema nini hasa. Nilimuuliza mara mbili kama nikupigie. Mara ya kwanza hakunijibu. Mara ya pili aliniomba niongeze sauti ya runinga. Hayo ndiyo yote. Hakukulaani, wala hakukusamehe kwa mdomo wake, na kilichokuwa moyoni alikwenda nacho. Ningeweza kukwambia kwamba macho yake yalilengwa machozi. Sikuyaona, na nimeshaongeza ya kutosha.

Ila maneno yale yana mwenyewe, dada. Mimi ndiye niliyebaki na mama, kisha nikabaki na baba, na mimi ndiye niliyekukasirikia miaka tisa huku nakuchekea kwenye simu. Alasiri ile hasira ilinitoka. Nilikaa pale dirishani nikaona nimekusamehe, kabisa, nikataka uje. Lakini nilifikiri msamaha wa mdogo mtu hautakutosha kupanda basi, ndiyo maana nikautia jina la baba. Nilikunyang’anya haki ya kujua hukusamehewa na baba, na nikakunyima habari kwamba mimi nilikusamehe. Nakuomba radhi kwa yote mawili.

Msalimie shemeji. Mpwa wangu sijui umwambie nini sasa juu ya babu yake, hilo nakuachia, wewe ndiye mama. Goti ulikande kwa maji ya moto, usifanye ubishi. Ukinijibu, hata kwa kunitukana, nitashukuru mno. Usiponijibu, nitajua barua imefika.

Ni mimi, mdogo wako, wala si mwingine.